Mji wa Magitaa: Siku Tatu Nashville

Katika ukurasa huu tumekwisha kuwapeleka hata miji mingi: miji ya bandari, miji ya machimbo, miji yenye makanisa ya kale. Leo twendeni ng'ambo ya bahari, katika mji ambao wengi wenu mmeusikia kwa masikio pasipo kulijua jina lake. Ni wachache, katika watu wazima wa Kivu na Katanga, au wa Kenya na Tanzania, wasioijua sauti ya Jim Reeves, ile sauti ya chini, nyororo, isiyo na haraka, ambayo redio zilituletea kila ilipokaribia Noeli. Sauti hiyo ilinaswa kwenye santuri katika Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee huko Marekani, kando ya mto Cumberland. Tulifika huko pamoja na rafiki zetu, tukakaa siku tatu, nasi tuliahidi kuwasimulia.

Tulikuwa watu wanne. Sisi tunaoandika, rafiki yetu mwalimu, aliyefundisha hesabu katika Bukavu miaka ishirini, mama mmoja muuguzi, na mumewe, dereva wa malori, mtu wa maneno machache. Hao watatu wanakaa sasa Louisville, katika jimbo la Kentucky, ambako Wakongomani si haba. Sisi tulikuwa wageni wao, tumekwenda kwa arusi ya binti wa mwalimu. Arusi ilipokwisha, muuguzi akatuuliza: «Mmetoka mbali hivyo, mtarudi kuwaambia watu kwamba Marekani ni ukumbi wa arusi?» Basi shauri likakatwa kwenda Nashville, mwendo wa kilometa 280 hivi, chini ya saa tatu kwa motokari.

Lakini safari hiyo ilikuwa na mzigo ndani yake. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, mama mmoja mjane, mtu wa Fizi, alimpigia muuguzi simu. Walijuana zamani katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa kwetu. Mjane huyo anakaa sasa Nashville na wanawe wanne. Kifungua mimba wake ni kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyezaliwa kambini, akajifunza gitaa katika kwaya ya kambini, na sasa hufanya kazi ya usiku katika ghala kubwa la mizigo. Mshahara wake ndio ulipao sehemu kubwa ya kodi ya nyumba. Naye amemwambia mama yake kwamba anataka kuiacha kazi hiyo, apige gitaa katika baa za mjini. «Dada yangu, semeni naye,» mama akasema. «Maneno yangu mimi amekwisha kuyazoea.» Mwalimu akakubali kwa niaba yetu sote, tena upesi. Watu wa makamo hupenda kupewa kazi ya kuonya.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Njiani saa zetu zilirudi nyuma kwa saa moja, maana Louisville na Nashville hazifuati saa ile ile, kama vile Bukavu na Kinshasa. Dereva akasema hiyo ni saa ya bure, tuitumie vema. Maneno hayo yakawa hotuba yake ndefu kupita zote mpaka jioni ya pili.

Kijana alitungojea karibu na mto, amevaa shati safi, gitaa mgongoni. Alitusalimu kwa heshima zote, akimwita mwalimu «baba» na muuguzi «mama», akambebea mama mkoba wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Tuliliona jambo hilo, wala hatukuliwaza.

Barabara kubwa ya mji huitwa Broadway. Sehemu yake iliyo karibu na mto ni nyumba za matofali, nyembamba, ndefu, na karibu kila nyumba ni baa. Na kila baa ina ghorofa mbili au tatu, na kila ghorofa ina wapiga muziki wake. Jukwaa huwekwa dirishani, mgongo wa mwimbaji ukielekea barabarani, na madirisha yako wazi. Basi mtu akipita husikia nyimbo sita kwa wakati mmoja. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, nao walikuwa wamekwisha kuanza. Huendelea hivyo mpaka usiku wa manane na kupita. Kuna nyumba moja yenye kuta za rangi ya zambarau, Tootsie's Orchid Lounge, inayojulikana kwa jina hilo tangu mwaka 1960, ambamo waimbaji wengi mashuhuri waliketi wakati walipokuwa hawana hata nauli. Kuna maduka ya viatu virefu vya wachunga ng'ombe, kuna kofia pana, na kuna magari ya ajabu yanayokwenda kwa kukanyagwa pedali, yamejaa wasichana wanaomsherehekea mwenzao kabla ya arusi yake, wakipiga kelele kwa furaha. Muuguzi aliwapungia mkono. Mwalimu alitazama upande mwingine.

Tuliingia mahali pamoja, tukaagiza limonadi. Mbele ya jukwaa palikuwa na ndoo. Kijana akatueleza ginsi kazi hiyo inavyokwenda: kundi hupiga kwa muda wa saa nne karibu bila kupumzika, malipo ya mwenye nyumba ni madogo, riziki yenyewe ni matabishi yaliyo ndani ya ndoo. Msikilizaji akitaka wimbo fulani hutia noti, na mpigaji sharti aujue wimbo huo, hata kama ni wa kabla hajazaliwa. Wageni katika kazi hupewa saa za asubuhi, siku za katikati ya juma, wakati baa ina watu saba. Saa za usiku na za Jumamosi ni za mabingwa. Mwalimu wa hesabu hawezi kuacha kuhesabu: akahesabu watu, akahesabu noti, akagawanya kwa wapigaji wanne, akatuandikia jibu juu ya karatasi ya kupangusia mdomo, akamsukumia kijana mbele yake. Kijana akasoma, akatabasamu, akasema: «Baba, umesahau kwamba mwenye ngoma hupata zaidi kidogo, maana ndiye mwenye motokari ya kubebea vyombo.»

Hapo ndipo tulipoanza kuhisi kwamba huyu hakuwa mtu wa kuota ndoto tu. Anazijuaje habari hizi zote?

Nyuma ya baa hizo kuna kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro limesimama jengo la matofali mekundu lenye madirisha kama ya kanisa. Ndilo Ryman Auditorium. Thomas Ryman alikuwa tajiri wa merikebu za mtoni. Mwaka 1885 alikwenda kumsikiliza mhubiri mmoja mashuhuri, Sam Jones, aliyekuwa akihubiri hemani. Ryman akatoka humo mtu mwingine, akakusudia kujenga nyumba kubwa ili mhubiri asihubiri tena chini ya turubai. Nyumba ilifunguliwa mwaka 1892; alipokufa mwenyewe, mwaka 1904, ikapewa jina lake. Watu huketi mpaka leo juu ya mabenchi ya mbao kama ya kanisani, na sauti husikika humo vizuri ajabu, hata pasipo vyombo vya umeme. Tangu mwaka 1943 mpaka 1974 nyumba hiyo ilikuwa makao ya Grand Ole Opry.

Opry yatakiwa kuelezwa, maana pasipo hiyo Nashville ingekuwa mji wa serikali na wa kuchapa vitabu, basi. Mwaka 1925 kampuni moja ya bima ya maisha ilifungua kituo cha redio, WSM, ili kuitangaza biashara yake. Tarehe 28 Novemba ya mwaka huo mzee wa miaka 77, jina lake Uncle Jimmy Thompson, aliketi mbele ya kipaza sauti akapiga fidla. Watu wa mashambani, waliokuwa wameacha milima na ndugu zao kwenda kutafuta kazi mijini, walisikia kupitia redio muziki wa kwao wenyewe. Barua zikamiminika. Tangu siku ile kipindi hicho kimeendelea, na mwaka 2025 kilitimiza miaka 100. Humo ndimo alimosimama Hank Williams, na Patsy Cline, na yule mama mchekeshaji Minnie Pearl, ambaye kofia yake ilining'inia daima karatasi ya bei, dola moja na senti 98, kana kwamba ametoka nayo dukani sasa hivi akasahau kuiondoa. Muuguzi alicheka sana alipoiona picha yake, akasema anamjua mtu wa namna hiyo katika parokia yake.

Opry ilipohamia jumba jipya nje ya mji, mwaka 1974, walikata kipande cha mviringo katika sakafu ya jukwaa la Ryman, mbao za mwaloni, wakakipeleka na kukitia katikati ya jukwaa jipya, ili kila mwimbaji asimame mahali waliposimama waliomtangulia. Mwezi wa Mei 2010 mto Cumberland ulifurika, maji yakalifunika jukwaa. Lakini mbao zile zilikaushwa, zikatengenezwa, zikarudishwa, na mwezi wa Septemba watu waliimba tena juu yake. Tulisikia habari hizi tukiwa tumeketi katika mabenchi ya Ryman. Tulipogeuka kumwuliza kijana neno, tulimkuta amelala, kichwa chake kimeegemea mgongo wa benchi lililo mbele. Si usingizi wa kusinzia. Usingizi mzito, mdomo wazi. Muuguzi akamtazama kwa muda, kisha akamshika kifundo cha mkono kama anavyofanya kwa wagonjwa wake. Hakutuambia kitu.

Jumamosi tulikwenda jumba la kumbukumbu, Country Music Hall of Fame. Jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2001, na madirisha yake yamepangwa kama vibonyezo vya piano. Mna motokari ya Elvis Presley iliyopakwa rangi ya dhahabu, mna mavazi yenye kumetameta ya kila namna. Hayo tuliyapita upesi. Tulichokisimamia ni gitaa la mama Maybelle Carter, la mwaka 1928. Kidole gumba chake kilipiga wimbo katika nyuzi nene, na vidole vingine vikajibu juu. Wengi duniani walijifunza kwake. Lakini watu wa nyumba ile walijifunza pia nyimbo na namna za kupiga kwa mtu mweusi, Lesley Riddle, aliyesafiri na shemeji yake Maybelle milimani kutafuta nyimbo za kale. Na banjo, ambayo leo hudhaniwa kuwa ya Wazungu wa milimani, asili yake ni vyombo vya Afrika ya Magharibi vya kibuyu na ngozi, vilivyokumbukwa na watumwa walipofika ng'ambo.

Hapa yafaa tuongeze habari ndogo ya kwetu. Santuri za Jimmie Rodgers, mmoja wa watatu wa kwanza waliotiwa katika jumba hilo mwaka 1961, zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya. Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, aliwakuta mwaka 1950 wakiimba juu ya «Chemirocha», kiumbe nusu mtu nusu paa. Ndilo jina la Jimmie Rodgers lilivyogeuka midomoni mwao. Na mwaka 1952 Tracey huyo huyo alimkuta katika Jadotville, Likasi ya leo, kijana Mwenda Jean-Bosco wa Bunkeya, mwenye gitaa, na santuri zake zikaisikilizisha dunia vidole vya Katanga. Basi muziki huu umevuka bahari mara nyingi kuliko sisi.

Ndani kabisa ya jumba kuna chumba cha duara, na ukutani vibao vya shaba vya waliotukuzwa. Tulimtafuta Jim Reeves tukampata. Tulimpata Charley Pride, mtoto wa wakulima weusi wa Mississippi, aliyetiwa mwaka 2000. Kijana yeye alikwenda moja kwa moja mbele ya kibao kimoja, akasimama hapo kama mtu aliyefika kwa jamaa yake. Kilikuwa cha DeFord Bailey.

DeFord Bailey alizaliwa mwaka 1899 katika Tennessee, mjukuu wa mtumwa. Akiwa na miaka mitatu alipata ugonjwa wa kupooza, akabaki mfupi, mgongo umepinda. Kitandani alipewa kinanda cha mdomo, na kwa kinanda hicho alijifunza kuiga mbwa wawindao, na kuku, na gari moshi lipitalo darajani. Usiku mmoja wa mwaka 1927, baada ya kipindi cha muziki wa opera wa Ulaya, mtangazaji wa WSM alifanya mzaha kwamba sasa watu watasikia «Grand Ole Opry», opera ya watu wa shamba. Na aliyefungua kipindi usiku ule, akapiga gari moshi lake, alikuwa Bailey. Jina lile limebaki mpaka leo. Alipendwa na wasikilizaji, akasafiri na wenzake Wazungu kutoka mji mpaka mji; lakini ilipofika jioni wao walilala hotelini, naye hakupokewa mle, akatafuta pa kulala kwingine. Mwaka 1941 aliondolewa. Walisema hataki kujifunza nyimbo mpya. Wakati ule ule palikuwa na ugomvi wa redio na wenye haki za nyimbo, hata nyimbo zake za kawaida zikakatazwa kupigwa. Akaendelea na duka lake la kung'arisha viatu, miaka mingi, katika mji ule ule. Alikufa mwaka 1982. Kibao chake kiliwekwa mwaka 2005.

Mwalimu alisoma yote, akavua miwani. Akasema: «Mwanangu, wewe ndiwe uliyetuleta mbele ya mtu huyu. Alikuwa bingwa, wakamfukuza, akamalizia maisha chini ya viatu vya watu. Nawe wataka kupita njia hiyo?»

Kijana akajibu: «Baba, nilijua mama amewaambia. Nimewaleta ili nanyi mmwone. Huyu alikuwa na kazi ya viatu tangu alipokuwa redioni, ndiyo iliyomlisha. Mimi sitaki kuacha kazi ili niwe tajiri.» Akanyamaza, kisha akayatoa yaliyokuwa moyoni. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akipiga katika baa, Jumanne na Alhamisi, saa tano ya asubuhi mpaka saa tisa. Usiku wa kuamkia siku hizo hutoka ghalani saa kumi na mbili ya asubuhi, hulala saa tatu au nne garini mwake, ili mama asijue, kisha hupiga, kisha hurudi nyumbani kulala kidogo kabla ya zamu nyingine. Majuma mawili yaliyopita alisinzia kwenye usukani. Aliamka motokari ikikwaruza ukuta wa barabara kuu. Hakuumia. Mama aliambiwa kwamba kioo kiligongwa mahali pa kuegesha. «Ndipo nikamwambia naacha ghala,» akasema. «Sikumwambia kwa nini.»

Hakuna aliyesema neno. Watalii walipita kati yetu wakipiga picha. Tunakiri kwamba maonyo yetu yote, tuliyoyapanga vizuri toka Louisville, yalikuwa ya kijana mwingine, kijana mvivu mwenye ndoto, ambaye hatukumkuta.

Tulitoka tukaenda kula. Chakula cha sifa huko ni kuku wa kukaanga aliyepakwa pilipili nyingi, juu ya mkate mweupe, na vipande vya matango ya siki. Wasimulia kwamba katika miaka ya 1930 mtu mweusi, Thornton Prince, alirudi nyumbani asubuhi baada ya kuzurura usiku kucha; mwanamke wake akamtilia kuku pilipili tele ili kumwadhibu; naye akampenda kuku yule, akafungua duka. Jamaa yake huuza mpaka leo. Kuna daraja za ukali, nasi wa Kivu tukajiona mabingwa wa pilipili. Dereva aliagiza daraja ya juu. Akala mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, naye ndipo aliposema, na hatujui kama machozi yale yote yalikuwa ya pilipili.

«Mimi,» akamwambia kijana, «nilimzika mwenzangu. Tuliondoka naye pamoja, malori mawili, usiku. Alikuwa mbele yangu. Niliona taa zake zikitoka barabarani polepole, kama mtu anayegeuka kwenda kwake. Hakupiga breki. Usinisimulie habari ya kioo.» Akanywa maji. «Umeuliza kazini kama kuna zamu nyingine?»

Kijana hakuuliza. Aliogopa Kiingereza chake kisieleweke, wakadhani analalamika, wakamwondoa. Dereva anayajua maghala, maana hupakia humo kila juma. Akamweleza kwamba mahali pengi kuna zamu ya mwisho wa juma, siku tatu za saa kumi na mbili: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumla ya mshahara hupungua kidogo, lakini siku nne zinakuwa zake, nazo ndizo siku ambazo baa huwapa wageni katika kazi. Mwalimu akatoa kalamu, akahesabu tena, safari hii upande wa kijana. Kodi ilitosha. Pakapungua fedha za mavazi ya shule ya wadogo zake.

Muuguzi ndiye aliyeliona tatizo. «Na kwaya?» akauliza. Maana Jumapili kijana hupiga gitaa katika kwaya ya Waswahili, na mama yake ndiye aongozaye sauti za kwanza. Kijana akainamisha kichwa. Hapo tukaliacha.

Alasiri alitupeleka Fisk. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1866 kwa watu weusi waliotoka utumwani, katika mabanda ya zamani ya jeshi. Baada ya miaka mitano deni lilikuwa karibu kukifunga. Mtunza fedha, George White, akawachukua waimbaji tisa, karibu wote waliozaliwa watumwa, na tarehe 6 Oktoba 1871 wakaondoka kwenda kuimba ili kuyalipa madeni. Mwanzoni walikosa hata makoti ya baridi. Waliziimba zile nyimbo za huzuni na matumaini walizozisikia kwa wazazi wao, nyimbo ambazo kwanza waliona haya kuziimba mbele ya wageni. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Kwa fedha zao lilijengwa Jubilee Hall, likamalizika mwaka 1876, nalo lingali limesimama, refu, lenye minara, juu ya kilima. Picha yao kubwa imo ndani. Basi kabla ya redio, kabla ya fidla ya mzee Thompson, mji huu ulikwisha kujulikana ng'ambo kwa sauti za watoto wa watumwa. Muuguzi aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akakaa kimya muda mrefu.

Studio B, ambamo Jim Reeves alinasa nyimbo zake, ilijengwa mwaka 1957. Ni nyumba ndogo isiyo na uzuri wowote kwa nje. Elvis peke yake alinasa humo nyimbo zaidi ya 200. Sisi tulikwenda kwa ajili ya Reeves, na mwalimu alikuwa ametamani kufika tangu utoto, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa na santuri yake moja, moja tu, iliyokwaruzwa. Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964, akirusha mwenyewe ndege ndogo. Dhoruba ilimkuta karibu kabisa na Nashville, naye na mpiga piano wake wakaanguka msituni, wakatafutwa siku mbili. Alikuwa na miaka 40. Mwalimu aligusa ukuta kwa kiganja cha mkono, akatoka nje kabla yetu.

Jumba la Parthenon, nakala kamili ya lile la Wagiriki, lililojengwa kwanza kwa maonyesho ya mwaka 1897, tulilipita tu kwa motokari. Ni kubwa, nalo ni la kushangaza mahali pale. Lakini katika maktaba ya mji kuna chumba kinachostahili kuonwa. Tarehe 13 Februari 1960 wanafunzi weusi wa Nashville walianza kuketi kwenye meza za chakula za maduka, mahali walipokatazwa kula. Walitukanwa, walipigwa, walifungwa, wala hawakurudisha kipigo. Tarehe 19 Aprili nyumba ya wakili wao, Looby, ililipuliwa. Wakaandamana maelfu kimya kimya mpaka kwa meya, na binti mmoja, Diane Nash, akamwuliza usoni kama anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya akakiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei meza zikafunguliwa. Mwalimu, ambaye alizaliwa mwaka ule ule wa 1960, akahesabu tena: siku 51 kabla ya uhuru wa Kongo. Katika chumba hicho wametengeneza meza ya duara na viti vyake, na juu yake zimeandikwa zile kanuni kumi walizozishika wanafunzi. Tuliketi hapo, sisi wanne na kijana, kana kwamba tunangoja kahawa.

Jumapili tulisali katika kanisa la Mtakatifu Maria wa Mateso Saba, lililobarikiwa mwaka 1847, karibu na jumba la bunge la jimbo. Kisha tulikwenda kwa mama mjane. Alikuwa amepika foufou, sombe na samaki. Hatukusema neno letu lolote. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema, amesimama, mikono nyuma, mbele ya wadogo zake: habari ya baa, habari ya kulala garini, habari ya ukuta. Mama aliendelea kupakua chakula mpaka sahani ya mwisho, mkono wake ukitetemeka, kisha akaingia chumbani. Tulisikia akilia. Aliporudi alimwambia mwanawe ale kwanza, halafu akalale.

Tuliagana jioni. Saa tuliyopewa bure siku ya kwenda tulinyang'anywa njiani.

Baada ya majuma matatu, tukiwa tumekwisha kurudi Bukavu, muuguzi alitupigia simu. Kijana aliomba zamu ya mwisho wa juma, Kiingereza chake kikaeleweka, akapewa. Katika kwaya sasa hupiga mtu mwingine, naye, kwa maneno ya muuguzi, hajui bado kuzikaza nyuzi. Mama wa Fizi hajasema kwamba amekubali. Ameuliza tu kama mle ndani ya baa, Jumanne asubuhi, mama wa umri wake anaweza kupata kiti cha kuketi, na kama chai huuzwa.